Mtoto mnampima, sahani yake je?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Kilimo, Waziri wa Maji, na wote waliokabidhiwa dhamana ya lishe ya Watanzania

Waheshimiwa,

Kwa mlio wakubwa wangu, shikamooni. Kwa vijana, habari za kazi.

Nawaandikia nikiwa Arumeru, kwenye mteremko wa Mlima Meru, huku ambako mtu akicheka ugenini, kwa rangi ya meno yake, anaulizwa "Wewe wa Arusha?" kabla hajataja jina. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, nimestaafu. Miaka yangu yote ya kazi nilipima maji, udongo, majani ya mimea na nafaka. Siku hizi sina maabara, nina jiko na kashamba ka migomba. Ila kuna jambo nimelibeba kifuani muda mrefu, na mwezi uliopita limenishinda kunyamaza.

Nilimsindikiza binti wa jirani yangu kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili mgongoni, na kaka yake wa miaka tisa akifuata nyuma. Mtoto akaning'inizwa kwenye mzani, akalia sana. Akapimwa urefu, kisha akavalishwa ule utepe wa rangi mkononi, ukasoma kijani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, dada makini kweli, akaandika kila kitu kwa mwandiko mzuri kwenye daftari lake, akasema, "Anaendelea vizuri, mama."

Yule mama hakuondoka. Akamvuta kijana wake mbele, akamwambia afungue mdomo. Meno mawili ya juu ya mbele, mapya kabisa, hayana hata miaka miwili tangu yaote, yalikuwa na michirizi ya kahawia na vishimo vidogo kama yamedonolewa na sindano.

"Dada, na huyu mdogo naye yatamtoka hivi?"

Mhudumu akasita, akajibu kwamba ni maji ya huku.

"Lakini sisi tunakunywa ya bomba la mradi. Walikuja wakayapima, wakatuambia yako salama."

Dada wa watu hakuwa na la kusema. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa jibu la kutoa.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza binti anapika nini nyumbani. Kande, karibu siku nne kwa wiki. Siku nyingine ndizi, au ugali na maharage. Na maharage anayaivishaje? Kwa magadi, kama mama yake na bibi yake, maana kuni zimepanda bei na maharage makavu bila magadi yanataka saa tatu motoni. Tulipofika kwake akanionyesha kopo. Ndani mlikuwa na magadi ya unga, ya kijivu, yenye chembe za udongo. Si yale ya mawe meupe. Alinunua sokoni Tengeru, fungu kwa fungu. Anachota kwa vidole vitatu, akiona maharage ni ya zamani anaongeza.

Waheshimiwa, maji ya bomba lile yanaweza kuwa safi kweli kama tulivyoambiwa, na mtoto yule bado akaota meno ya kahawia. Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika miaka ya 1990 watafiti wa afya ya kinywa hapa nchini walikuta watoto wenye meno yaliyoharibika vibaya katika vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi, madini yanayoharibu meno hivi yakizidi, kidogo sana. Walipofuata mkosaji hadi jikoni wakamkuta kwenye magadi. Floraidi ya magadi inatofautiana mno kufuatana na yalikochotwa: kuna ya makumi ya miligramu kwa kilo, na kuna ya maelfu. Tuchukue magadi yenye miligramu 2,000 kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai, kama gramu 5, kinaingiza miligramu 10 kwenye chungu. Kuzipata miligramu hizo kwa maji yaliyo kwenye kikomo kinachoruhusiwa cha miligramu 1.5 kwa lita, familia ingelazimika kunywa zaidi ya lita sita. Na maji ya kande hayamwagwi, yanakauka humohumo.

Meno ya mbele ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi wakati mtoto bado ananyonya na kujifunza kula. Kwa hiyo aliyekuwa hatarini siku ile si kijana wa miaka tisa, kwake yameshatokea. Ni yule mdogo wa utepe wa kijani, ambaye daftari linasema anaendelea vizuri.

Basi ombi langu ni moja, na yote yanayofuata ni kulieleza hilohilo: pimeni chakula cha Watanzania kama kinavyoliwa. Kipimeni kikiwa kimepikwa, kwa maji yaleyale, magadi yaleyale, chumvi na sufuria zilezile, kwenye sahani ya mtu halisi, katika kila kanda ya nchi hii. Pimeni yaliyomo, mazuri kwa mabaya: chuma, zinki, madini joto, seleniamu, kalsiamu, na pamoja nayo floraidi, madini ya risasi, zebaki na aseniki. Kisha mje mtuambie mlichokikuta.

Najua mtaniambia tayari tuna takwimu. Tunazo, na nimezisoma. Tunacho kitabu cha majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania kilichotoka mwaka 2008, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard. Ni kazi ya heshima, na kabla yake wataalamu wetu walikuwa wanahangaika na majedwali ya wageni. Lakini mkikifungua mtaona kwamba tarakimu zake nyingi zimeazimwa kwenye majedwali ya nje, hasa ya Marekani, kwa sababu sampuli zetu wenyewe hazikuwa zimepimwa. Na kila chakula kina tarakimu moja kwa nchi nzima. Mahindi ni mahindi, yawe yamelimwa kwenye udongo mwekundu wa Songea, kwenye mbuga nyeusi za Shinyanga, au kwenye majivu ya volkano huku kwetu.

Kwa wanga na mafuta, hesabu ya namna hiyo haipotoki sana. Kwa madini inapotoka vibaya. Mmea hautengenezi madini, unayanyonya ardhini. Palipo na kidogo utachukua kidogo, na mahindi yataota yakiwa na sura ileile, uzito uleule na bei ileile.

Majirani zetu wa Malawi wamelionyesha hili kwa namna iliyonikosesha usingizi niliposoma. Utafiti wao ulitoka mwaka 2013. Walichukua sehemu mbili: Zombwe, upande wa kaskazini, ambako udongo una tindikali, na Mikalango, kusini kwenye bonde la mto Shire, ambako udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, wenye chokaa. Wanawake wa pande zote mbili wanakula chakula cha aina moja, nsima ya mahindi na kitoweo cha mboga. Mtu akiwapiga picha wakiwa wamekaa kula hutajua yupi ni wa wapi. Watafiti wakachukua chakula chao cha siku nzima, wakakipima seleniamu. Wa Zombwe walikuwa wanapata kama maikrogramu 7 kwa siku. Wa Mikalango, kama 55. Mtu mzima anahitaji kiasi cha 55 hivi. Damu zao zikasema hivyohivyo.

Mara nane, Waheshimiwa, na tofauti yote hiyo imetoka kwenye udongo. Seleniamu ndiyo inayosaidia tezi ya shingo kufanya kazi yake na mwili kupambana na magonjwa. Mwanamke wa Zombwe hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba anaikosa. Hana njaa, tumbo limejaa, na utepe wa mkono haukamati kitu kama hicho.

Baada ya hapo Malawi na Ethiopia hawakuishia kwenye vijiji viwili. Walizunguka wakachukua nafaka na udongo kwenye maelfu ya mashamba, wakachora ramani, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Nikiangalia ramani ya Malawi jicho langu linakwenda mpakani, pale Kyela na Songwe. Wino unaishia pale, lakini udongo na watu na mahindi vinaendelea upande wetu. Nchi nne za magharibi na kati ya Afrika, yaani Benin, Cameroon, Mali na Nigeria, nazo zimefanya utafiti wa mlo kamili chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa: wananunua chakula sokoni, wanakipika kama wenyeji wanavyopika, ndipo wanakipima. Afrika Mashariki hatukuwamo.

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, hapa nakulenga wewe. Finland iligundua kwamba ardhi yake ni maskini wa seleniamu. Mwaka 1984 ikaamua kuitia kwenye mbolea ya nchi nzima, na ikaendelea kupima chakula mwaka hadi mwaka. Mwaka 1990 walipoona imepanda kuliko walivyotaka wakapunguza kiwango. Ilipoonekana imeshuka mno wakaongeza tena. Wewe unagawa mbolea ya ruzuku kwa wakulima walioandikishwa mmoja mmoja. Mfuko ule ungeweza kubeba zinki kwa wilaya inayoihitaji na kuiacha kwa isiyoihitaji. Ila huwezi kujua ni wilaya ipi kabla ya kupima, na ukitia kwa kukisia unaweza kumwaga fedha ya wananchi pasipohitaji.

Niseme kidogo juu ya chuma, kwa sababu ndiyo inayosemwa zaidi na kupimwa vibaya zaidi. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na kwa watoto 58 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano. Tunagawa vidonge vya kuongeza damu kliniki, na tangu mwaka 2011 tuna kanuni za kuongeza madini ya chuma na zinki kwenye unga. Vizuri sana. Lakini mahindi mengi ya vijijini hayajawahi kuuona mlango wa kiwanda kikubwa. Yanasagwa kwenye mashine ya mtaani, mama akisubiri na debe lake. Akikoboa akapata sembe, sehemu kubwa ya chuma na zinki inabaki kwenye pumba, zinazoliwa na ng'ombe. Akila dona anayapata madini, lakini pamoja nayo kuna faiteti, kitu kilichomo kwenye ganda na kiini cha nafaka na maharage kinachoshikilia chuma na zinki tumboni visifyonzwe. Akiteremshia na chai ya rangi juu yake, anapoteza tena.

Halafu kuna kiroja kingine. Mahindi yanayopurwa chini kwenye vumbi jekundu, au choroko zilizoanikwa barabarani, ukizipima zinatoa chuma nyingi ajabu. Ni chuma ya vumbi. Mwili hauna kazi nayo, lakini mashine ya maabara haijui hilo. Fundi asiye makini ataandika tarakimu kubwa, na mkubwa atasoma ripoti aseme wilaya hii haina tatizo la chuma huku kina mama wakizimia leba. Ndiyo maana nasema kupima chakula ni kazi ya watu wanaojua jiko, na siyo kununua mashine tu.

Naomba mnivumilie niwaeleze inavyofanyika, maana nadhani wengi wenu hamjawahi kuiona. Sisi tuliita sahani pacha. Mama akijipakulia, anapakua na sahani ya pili iliyo sawasawa na yake: ugali uleule, mchuzi uleule, kikombe cha chai kilekile, hata karanga alizotafuna akienda shambani na maji aliyokunywa. Vyote vinaingia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, saa 24. Kesho yake ndoo inapimwa uzito, chakula kinasagwa chote kiwe uji mmoja, kinakaushwa, kinayeyushwa kwa asidi, ndipo mashine inasoma. Kisagio chenye kisu cha chuma cha pua hakifai, kinaacha kromiamu na nikeli ndani ya chakula. Glovu za unga hazifai, zina zinki. Floraidi inataka sehemu yake ya pembeni na njia yake, kwa sababu ile asidi ya kuyeyushia metali inaifukuza ikatoka kama hewa. Na kila kundi la sampuli linaambatana na sampuli ya rejea ambayo tarakimu zake zinajulikana, ili fundi asijidanganye.

Nina kisa kimoja ambacho sijakisahau. Tulikuwa tunapima uji wa mahindi kutoka kaya kadhaa, na uji wa nyumba moja ukatoka na zinki nyingi kuliko nyama. Mkubwa wangu akasema nimechafua sampuli, na mimi mwenyewe niliamini hivyo. Nikalowesha vyombo kwenye asidi usiku kucha, nikarudia. Jibu lilelile. Nikarudia mara ya tatu. Jumamosi nikapanda basi nikaenda hadi nyumba ile. Bibi mwenye nyumba alinikaribisha akanichotea uji: mchachu, mtamu, kutoka kwenye ndoo ya bati iliyokaa kivulini nyuma ya jiko. Ule uchachu ulikuwa unalamba bati siku nzima na kuchukua zinki yake. Kwangu mimi ndoo ile ilikuwa "uchafu wa sampuli." Kwa wajukuu wa bibi yule ilikuwa chakula cha kila siku.

Tangu siku hiyo najua kwamba jibu la mlo wa watu halimo kwenye gunia la mahindi. Limo pia kwenye ndoo, kwenye maji, na kwenye sufuria. Sufuria za alumini zinazotengenezwa mtaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu zilipimwa Cameroon zikakutwa zinatoa risasi kwenye chakula, hasa chenye ukali kama nyanya na ndimu. Sufuria za namna hiyo ziko masokoni kwetu kote. Sisemi zetu zina risasi. Nasema zipimwe. Vivyo hivyo ule udongo wa vijiti wanaoulamba wajawazito, unaouzwa wazi pembeni ya ndimu na tangawizi. Udongo wa aina hiyo umewahi kukutwa na risasi na aseniki katika nchi mbalimbali, lakini kwenye kadi ya kliniki hakuna mahali pa kuuandika. Vivyo hivyo samaki wa mito iliyo jirani na wachimbaji wadogo wanaoosha dhahabu kwa zebaki.

Mheshimiwa Waziri wa Maji, nchi hii imetoka mbali na nakupa haki yako. Mwaka 1974 kikomo cha muda cha floraidi kwa maji ya vijijini kilikuwa miligramu 8 kwa lita, baadaye kikawa 4, na sasa ni 1.5 kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Kushuka huko kumechukua nusu ya maisha yangu. Lakini mwili wa mtoto hauna kikomo cha maji peke yake. Unajumlisha maji, kande, chai na magadi katika siku moja. Majani ya chai nayo ni hodari wa kukusanya floraidi, hasa yale makuukuu. Na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanakwenda na mvuke, floraidi inabaki chunguni. Mama aliyefundishwa kwamba kuchemsha ndiyo usalama anastahili kuambiwa ukweli huo pia, kwa upole, bila kumtisha akaacha kuchemsha kabisa, maana vijidudu navyo vinaua.

Sasa kuna jambo linalouma, na nalisema kwa heshima. Miaka ya nyuma walikuja watafiti kijijini kwetu. Siitaji taasisi yao. Walichukua maji kwenye chupa, mkojo wa watoto wa shule kwenye vikopo, wakapiga picha za meno. Watoto walipanga foleni vizuri, mwalimu alisimamisha vipindi. Wakaahidi kurudi na majibu. Hawakurudi. Watoto wale sasa ni wazazi, na mmoja wao ndiye yule mama aliyeuliza swali siku ile ya mzani. Huenda tarakimu zake zimeandikwa mahali kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo hataliona maishani. Kwa hiyo ninapoomba mpime, ninaomba pia majibu yarudi. Ile Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inakuja kila robo mwaka, watu wapo, kivuli kipo. Bandikeni pale karatasi moja ya Kiswahili: magadi ya soko hili yana kiasi hiki, unga wa mashine hii una kiasi hiki, fanyeni hivi.

Na mkija kupima, lipeni sahani pacha. Mkichukua nusu ya chungu bila kuirudishia thamani yake, mtoto wa nyumba ile analala na njaa siku hiyo kwa ajili ya sayansi yenu. Kaeni zaidi ya siku moja, kwa sababu siku ya kwanza mama atakopa anunue nyama asionekane hana kitu. Ni utu, si uongo. Tumieni wanawake wa palepale, wanaojua "kijiko" cha nyumba fulani ni kipi. Njooni wakati wa mavuno, mrudi tena miezi ile ghala likiwa tupu, maana ni milo miwili tofauti. Msianzie na nchi nzima. Kaya 30 katika kila kanda ya kilimo, mara mbili kwa mwaka, zingetuambia mambo ambayo kitabu chetu hakitatuambia hata kikichapwa upya mara kumi.

Msiniambie hatuna wataalamu. Tuna Taasisi ya Sayansi ya Nelson Mandela hapa Tengeru, ambako vijana wetu wamefanya kazi nyingi juu ya floraidi. Tuna Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wenye udongo na lishe chini ya paa moja. Tuna maabara ya Tume ya Nguvu za Atomiki pale Njiro, tuna Mkemia Mkuu wa Serikali, tuna Shirika la Viwango. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakalisha meza moja na kuwaambia sahani ni ya wote. Leo maji ni ya wizara moja, udongo ni wa nyingine, mtoto ni wa ya tatu, na magadi hayana mwenyewe. Fedha nazo, halmashauri zimeshaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Wilaya yenye watoto 50,000 ina milioni 50. Sehemu ndogo tu ya hizo, ikiunganishwa na ya wilaya jirani, inatosha kuanza.

Na tumewahi kuweza. Wa umri wangu mnakumbuka shingo za watu wa Nyanda za Juu Kusini, mama mtu mzima anafunika tezi kwa kanga. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walizunguka shuleni wakishika shingo za watoto moja baada ya nyingine, wakapima, wakajua wilaya zilizoumia zaidi, wakapeleka vidonge vya mafuta ya madini joto huko kwanza. Baadaye ikaja sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Leo kijana wa Njombe hajui tezi la bibi yake lilikuwaje. Watu wale hawakuwa na mashine za leo. Walikuwa na vidole, vikopo vya mkojo na ramani ya wilaya.

Mimi nimeanza na ninachoweza. Nimemwonyesha binti kuloweka maharage tangu usiku, kumwaga maji yale asubuhi na kupika kwa mapya. Yanaiva kwa muda mfupi zaidi hata bila magadi, ingawa analalamika kwamba kande haina ule ulaini aliouzoea. Nimemwomba akishindwa kabisa atumie yale ya mawe meupe badala ya unga wa kijivu, lakini hapo namshauri kwa kukisia, na kukisia si kazi niliyofundishwa.

Magadi aliyokuwa nayo nimeyachukua. Nimeyagawa kwenye vikopo vitatu vya plastiki vilivyooshwa vizuri, nimeandika tarehe, soko na bei ya fungu, nikavifunga. Viko kabatini kwangu. Mtu wenu akija, nitampa viwili, nibaki na kimoja cha kulinganishia.

Wenu,
Fundi sanifu wa maabara, mstaafu
Arumeru, Arusha